Namna ya Kuandika Riwaya ya Ucheshi Mweusi Inayoichokoza Imani: Mwongozo Kamili

Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Alipoirudisha alitia kisufuria kidogo ndani yake, akasema, sufuria yako ilikuwa na mimba, imezaa. Jirani akapokea vyote viwili, akashukuru. Safari ya pili Abunuwasi akaazima tena, na mara hii hakurudisha. Alipofuatwa akajibu kwa uso wa msiba kwamba sufuria imefariki dunia. Jirani akaja juu: tangu lini sufuria ikafa? Naye akaulizwa: uliposikia imezaa, mbona hukuuliza?

Riwaya nzuri zinazoichokoza imani kwa ucheshi mweusi, yaani ule unaocheka penye kifo na maumivu, zimejengwa juu ya hesabu hiyo. Abunuwasi hakumtukana jirani yake, wala hakumhubiria kwamba vyombo havizai. Alilikubali dai, akalifuata mpaka likageuka kudai. Jirani aliamini pale imani ilipomlipa, akaacha kuamini pale ilipomtoza, na msomaji anacheka huku akijikagua.

Wanaoanza kuandika tashtiti ya dini, maandishi ya kuikosoa kwa dhihaka, kwa kawaida hupita njia nyingine. Huumba mhusika mwerevu asiyeamini kitu, wakamtembeza katikati ya waumini wajinga, akashinda kila mabishano. Hiyo ni hotuba, na hotuba ya mtu anayejiona ana akili haiwachekeshi hata wanaokubaliana naye. Ushauri wangu wote humu unatoka mahali pamoja: mwandishi alichukue fundisho kwa uzito kuliko wenye nalo wanavyolichukua, kisha akatae kusimama njiani.

Hatua ya 1: Chagua dai moja, usichague dini nzima

Ukijiambia unaandika riwaya "kuhusu dini" utaishia kuandika malalamiko mia, kila moja kurasa tatu. Tafuta dai moja linaloenea kwenye mstari mmoja.

Voltaire alifanya hivyo mwaka 1759 katika Candide. Alichukua wazo lililopendwa na wasomi wa wakati wake, lililotokana na falsafa ya Leibniz, kwamba ulimwengu huu ni bora kuliko wowote mwingine ambao Mungu angeweza kuuumba. Kisha akalipeleka Lisbon. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliupiga mji huo asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani. Katika riwaya, Candide na mwalimu wake Pangloss wanafika hapo hapo. Wenye hekima wa mji wanashauriana na kuona kwamba dawa ya uhakika ya kuzuia tetemeko jingine ni kuwachoma watu kadhaa hadharani kwa moto wa taratibu, tena kwa sherehe. Pangloss ananyongwa. Candide anachapwa viboko vinavyofuata mapigo ya wimbo wa ibada. Siku hiyo hiyo ardhi inatetemeka tena. Mwandishi hasimami kutueleza tufikirie nini.

Dai linalofaa lina mambo matatu. Liwe linaahidi kitu kinachoweza kukaguliwa: mtu atapona, mvua itanyesha, aliyetoa atarudishiwa. Pawe na mtu anayekula kupitia dai hilo. Na pawe na mtu anayelihitaji kweli kweli, ambaye likianguka naye ataanguka. Waandishi wengi huwa na la pili na kusahau la tatu, ndiyo maana tuna mlolongo wa riwaya za mhubiri tapeli mwenye magari ambaye msomaji anaujua mwisho wake tangu ukurasa wa kwanza. Sinclair Lewis alimmaliza mhusika huyo mwaka 1927 katika Elmer Gantry, na sioni haja ya kumfufua bila sababu mpya. Tapeli anachekesha kwa sura moja. Anayeamini kwa moyo wote anachekesha kwa kitabu kizima, na anaumiza pia.

Kuanzia hapa nitatumia mfano mmoja nilioubuni. Kuna jumuiya ndogo ya waumini ambayo Mwasisi wake alitangaza kwamba yeye hatakufa. Riwaya inaanza Jumanne asubuhi. Amekufa.

Hatua ya 2: Fuata dai mpaka lianze kukuaibisha

Kabla hujafikiria msuko wala wahusika, chukua karatasi. Juu kabisa andika dai. Chini yake andika "basi", kisha "basi" nyingine, na nyingine tena.

Mwasisi hafi; basi hajafa. Hajafa, basi hazikwi. Hazikwi; basi lazima alale mahali, na mahali pana joto. Mkewe si mjane. Basi hana urithi, na hawezi kuvaa nguo za msiba bila kuonekana mwasi. Kiti cha Mwasisi hakiwezi kujazwa. Saini yake bado ndiyo inayotoa fedha benki. Daktari aliyemkagua amesema uongo. Basi aitwe aje atubu. Na kwa kuwa Mwasisi bado ni mwanachama hai, mchango wake wa mwezi unadaiwa, na katiba ya jumuiya, aliyoiandika mwenyewe, inasema asiyechanga miezi mitatu anafutwa.

Yale ya mwanzo kila mtu angeyafikiria. Yamalize haraka katika sura ya kwanza. Riwaya yako inaanzia pale orodha inapofika kwenye jambo ambalo hukulitarajia, kwa mfano hilo la kumfuta uanachama Mwasisi kwa kutolipa.

Mtaalamu wa zoezi hili ni James Morrow. Katika Towing Jehovah ya mwaka 1994 anachukua ule msemo wa kifalsafa kwamba Mungu amekufa na kuushika kama ulivyo: maiti yenye urefu wa maili mbili inaelea Atlantiki, na nahodha wa meli ya mafuta anaajiriwa kuivuta hadi Aktiki ili isioze. Kwamba Vatikani itapata kichefuchefu cha kiutawala, hilo ungelitegemea. Kinachokifanya kitabu kiwe hai ni kwamba wasioamini ndio wanaopata taabu kubwa, kwa sababu maiti ni ushahidi kwamba mwenyewe alikuwepo. Baadhi yao wanataka izamishwe. Sufuria imekufa, na anayelia si yule tuliyemtazamia.

Usiogope kwamba unazidisha chumvi. Historia yenyewe haina aibu. Huko Marekani, wafuasi wa William Miller walingoja kurudi kwa Kristo tarehe 22 Oktoba 1844. Siku ikapita. Wengi walirudi nyumbani wamevunjika moyo, lakini wengine walifikia uamuzi kwamba tarehe ilikuwa sahihi, ila tukio lenyewe lilifanyika mbinguni, wasikoweza kuliona. Kutoka kwa hao likakua dhehebu lenye mamilioni ya waumini leo. Ukilisoma hilo kwa dharau hutajifunza chochote. Lisome kama fundi: dai limegonga ukuta, limepata mlango, na watu wameingia.

Hatua ya 3: Amua nani anasimulia, na umkataze kucheka

Hii ndiyo hatua inayoamua kama una riwaya au una mkusanyo wa vijembe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Una njia mbili zinazofaa. Moja ni msimulizi baridi wa aina ya Voltaire, anayeripoti maafa kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Nyingine, ambayo naipenda zaidi, ni msimulizi anayeamini. Mongo Beti wa Kamerun aliitumia mwaka 1956 katika Le Pauvre Christ de Bomba. Kitabu chote ni shajara ya Denis, kijana anayemtumikia Padri Drumont na kumpenda kama baba. Padri amezinyima huduma sehemu fulani kwa makusudi, akitarajia waumini wajute na wamkimbilie. Anarudi na kukuta watu hawakuona pengo. Kijana anaandika kila kitu kwa uaminifu, pamoja na mambo yaliyokuwa yakiendelea katika nyumba ya misheni walimowekwa wasichana waandaliwe kwa ndoa ya Kikristo. Haelewi anachokiandika. Msomaji anaelewa kurasa kadhaa kabla yake, na katika nafasi hiyo ndimo kicheko na uchungu vinapokaa pamoja. Denis angekuwa mjanja, kitabu kingekuwa makala ya gazeti.

Amri ni moja: msimulizi akicheka, msomaji anaacha. Tazama tofauti katika mfano wetu. Kamati kuu inakaa kikao cha dharura, na mimi naamua sura hii iwe muhtasari wa kikao, kwa kuwa hakuna lugha isiyocheka kama ya mihtasari. Mwanzo wa rasimu ungeweza kuwa hivi:

*Kikao kilifunguliwa kwa sala ndefu mno, maana hakuna mnafiki hata mmoja aliyetaka ajenda ifikiwe.*

Mwandishi anamkonyeza msomaji. Neno "mnafiki" limeshafanya kazi ambayo msomaji alipaswa kuifanya mwenyewe. Sasa soma hii:

*Waliohudhuria: Katibu, Mweka Hazina, Mama Mwasisi, wajumbe wanne. Mwasisi (amelala).*

*1. Kikao kilifunguliwa kwa sala saa tatu kamili asubuhi. Sala ilimalizika saa nne na robo.*

*2. Hali ya Mwasisi. Katibu aliarifu kwamba Mwasisi hajaamka tangu juzi usiku. Mjumbe mmoja alitumia neno "kufa". Kikao kiliagiza neno hilo lifutwe kwenye kumbukumbu. Baada ya majadiliano iliazimiwa kwamba Mwasisi hajafa, amenyamaza.*

*3. Hewa ya chumbani. Mweka Hazina aliombwa atoe fedha za ubani. Aliuliza ziandikwe katika fungu gani. Iliazimiwa ziandikwe katika fungu la matengenezo ya jengo.*

*4. Mengineyo. Mama Mwasisi aliuliza kama anaruhusiwa kulia. Suala lilipelekwa kwenye kamati ndogo.*

Saa nne na robo inachekesha kuliko kivumishi chochote. Na mengineyo ndiyo yanayobeba kitabu. Swali la yule mama limeandikwa kwa sauti ile ile iliyoandika bei ya ubani. Hakuna muziki wa huzuni uliopigwa, hakuna sentensi ya pili. Ukiweza kuandika hoja ya nne bila kubadilisha sauti, umeupata ucheshi mweusi. Ukiongeza "machozi yakimlengalenga", umeupoteza.

Hatua ya 4: Tumia lugha tatu zinazogongana

Mwandishi wa Kiswahili ana bahati hapa. Tunayo lugha ya maandiko, yenye "ikawa" na "tazama" zake. Tunayo lugha ya ofisi, yenye "rejea barua yako" na "kwa taarifa na utekelezaji". Na tunayo lugha ya watu wanaogombania nafasi kwenye foleni. Kila moja ina mwendo wake, na kicheko hutoka unapoweka jambo katika lugha isiyo yake.

Jambo dogo lipe maandiko: *Ikawa katika siku zile, Mweka Hazina akainua macho yake, na tazama, ankara ya umeme.* Jambo kubwa lipe ofisi: *Marehemu alifufuka saa nane mchana bila kibali cha kamati husika.* Fundisho zito lipe foleni: *Mimi pepo sikatai, ila nijue kwanza nani mwingine ameandikishwa.*

Kiasi, lakini. Mbinu hii inachosha haraka kuliko zote. Nusu ukurasa wa "ikawa" unatosha kwa sura tatu, na ukiona rafiki zako wanaosoma rasimu wanainukuu sentensi hiyo hiyo kila mara, jua zile nyingine hazifanyi kazi.

Hatua ya 5: Dini iliyopo au ya kubuni?

Dini iliyopo inakupa wasomaji wanaojua kila sala, kila vazi, kila kikohozi cha mzee wa mbele. Huhitaji kueleza. Lakini watakukamata ukikosea hata mpangilio wa viti, na wakishakukamata hapo hawatakuamini popote.

Ya kubuni inakupa uhuru, ila inakutoza maelezo. Kurt Vonnegut alibuni dini nzima katika Cat's Cradle mwaka 1963: Bokonon, mwasisi wake, anawaambia wafuasi waziwazi kwamba mafundisho yake ni uongo, uongo unaosaidia kuishi. Dini hiyo imepigwa marufuku kisiwani, na adhabu yake ni kutundikwa kwenye ndoana kubwa. Baadaye tunagundua kwamba marufuku yenyewe ilikuwa mpango wa mwasisi na mtawala, ili dini ipate ladha kwa watu maskini wasio na kitu kingine cha kuwachangamsha. Kila mtu kisiwani ni muumini, pamoja na mtawala anayewawinda. Terry Pratchett naye, katika Small Gods ya mwaka 1992, alichukua dai kwamba miungu hupata nguvu kutokana na kuaminiwa. Akatupa dola kubwa ya kidini yenye majeshi na watesaji, na mungu wake akiwa kobe asiye na nguvu, kwa sababu katika umati wote huo amebaki na muumini mmoja tu wa kweli. Wengine wanaamini taasisi.

Kama unabuni, andika kwanza mambo ambayo huenda yasiingie kitabuni: kalenda, faini, nani anafagia, watoto wanakaa wapi, mtu akichelewa anaingilia mlango gani. Dini ya kubuni isiyo na mfagiaji haiaminiki.

Usichotakiwa kufanya ni kuchukua dini iliyopo ukabadilisha herufi mbili za jina. Msomaji ataona woga wako, na aliyekusudiwa ataudhika vilevile.

Utafiti wenyewe hauna siri: hudhuria ibada, soma matangazo yaliyobandikwa ukutani, omba kuona bajeti ya mwaka, sikiliza watu wanavyozungumza baada ya ibada wakitafuta viatu. Daftari lako lijae vitenzi na nambari kuliko maoni.

Hatua ya 6: Geuza kisu, kikate upande wako

Watu hushangaa wakisikia ni wangapi kati ya mabingwa wa fani hii walikuwa watu wa dini. Erasmus, aliyemfanya Upumbavu apande jukwaani ajisifu mwenyewe katika kitabu kilichochapishwa 1511, alikuwa padri. Jonathan Swift, aliyeyachekesha makanisa matatu kwa hadithi ya ndugu watatu waliorithi makoti na wosia wa kutoyabadilisha, mwaka 1704, alikuwa kasisi. Flannery O'Connor alikuwa Mkatoliki aliyeshika dini kwelikweli, na Wise Blood yake ya mwaka 1952 ina mhubiri wa Kanisa Lisilo na Kristo anayekimbia imani kwa bidii kubwa kiasi kwamba unamwona inavyomfukuza. Hawa waliijua nyumba kwa ndani. Kama wewe hauamini, lazima utafute njia nyingine ya kufikia ukaribu huo, na njia ninayoijua ni kumpa unayempinga hoja bora kuliko zako.

Boccaccio anaonyesha jinsi inavyofanyika. Katika Decameron, siku ya kwanza, kuna Myahudi aitwaye Abraham ambaye rafiki yake Mkristo anambembeleza abatizwe. Abraham anasema ataenda kwanza Roma kuwaona wakuu wa kanisa. Rafiki anakata tamaa, maana anajua kilichopo Roma. Abraham anaenda, anaona ulafi, uzinzi na biashara ya vyeo, anarudi na kutangaza kwamba anabatizwa: dini ambayo viongozi wake wanaihujumu kwa nguvu zote hizo na bado inakua, lazima inashikiliwa na Roho Mtakatifu. Jaribu kusema hadithi hiyo iko upande wa nani. Waumini wanaweza kuicheka, wapinzani wanaweza kuicheka, na kila mmoja anaondoka na mwiba.

Mikhail Bulgakov alifanya kazi hiyo katika nchi ambayo kutoamini ndiko kulikuwa fundisho rasmi. Riwaya yake ya The Master and Margarita, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza 1966 na 1967 ikiwa imekatwakatwa na wakaguzi, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1940, inaanza na mhariri wa Moscow akimweleza mshairi kijana kwamba Yesu hakuwahi kuwepo. Anayejiunga na mazungumzo ni Shetani, naye ameudhika. Anamtabiria mhariri kwamba atakatwa kichwa, na kwamba mwanamke mmoja ameshamwaga mafuta ya alizeti. Muda mfupi baadaye mhariri anateleza kwenye reli ya tramu. Dai linalofuatwa hapa ni la wasioamini, kwamba mwanadamu anajiongoza mwenyewe, na linafuatwa mpaka kwenye magurudumu.

Zoezi: andika onyesho ambalo muumini wako anamshinda mwenye shaka kwa haki, bila hila, kisha liache kitabuni. Katika mfano wetu, daktari anamwambia Mama Mwasisi kwamba huyu ni maiti, basi. Naye anajibu: "Daktari, wewe ulimwambia ana miezi miwili. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Nianze lini kukuamini?" Daktari hana jibu, nami simsaidii kulipata.

Hatua ya 7: Lipa kwa mwili

Ucheshi wa kawaida unarudisha kila kitu mahali pake jioni. Ucheshi mweusi haurudishi. Dai lazima ligharimu mtu kitu kisichorudi: afya, mtoto, miaka, akili. Vonnegut alifika mpaka kuigandisha dunia nzima. Huhitaji kwenda mbali hivyo, lakini gharama isiwe mapambo. Anayelipa awe mtu ambaye msomaji alitaka aendelee kuzungumza.

Angalia mahali pa kuiweka. Ukiweka mwanzoni, msomaji hatacheka tena. Ukiweka mwishoni kabisa, itaonekana adhabu. Mimi ningeiweka baada kidogo ya nusu, ili waliobaki waendelee kuendesha mambo yale yale ya kuchekesha juu yake: vikao, michango, ubani. Yale yale, lakini sasa msomaji anacheka kwa kusitasita.

Hatua ya 8: Mwisho wa kitabu

Kataa miisho mitatu. Wa kwanza ni ule ambao ulaghai unafichuliwa na wote wanapata akili. Historia haina mfano mwingi wa hilo. Wa pili ni muujiza kutokea kweli katika ukurasa wa mwisho, njia ya mwandishi kuomba radhi. Wa tatu ni shujaa kuondoka peke yake kuelekea maisha mapya, amepona imani kama mtu aliyepona mafua.

Mwisho mzuri zaidi ni dai kujirekebisha na kuendelea, likiwa limebeba maiti zake. Katika mfano wetu kamati ndogo inarudi na jibu baada ya miezi saba: Mama Mwasisi anaruhusiwa kulia, Jumatano, saa kumi hadi saa kumi na moja. Jumatano ya kwanza anakuta watu wamepanga foleni kulia naye, na Mweka Hazina ameweka kisanduku mlangoni.

Hatua ya 9: Wasomaji wa rasimu, sheria, na hatari

Mpe rasimu mtu mmoja anayeishi ndani ya imani unayoigusa, si rafiki wa kukupa moyo. Usimwulize kama ameudhika. Atajibu kwa adabu na hutajua kitu. Mwulize wapi umekosea desturi, wapi alicheka kisha akaona haya, na mhusika gani anamfahamu kwa jina. Pale alipocheka na kuona haya usipaguse. Pale alipoudhika bila kucheka, chunguza: mara nyingi utakuta umemcheka mtu asiye na uwezo badala ya kulicheka dai au wanaokula kupitia dai. Kicheko juu ya mama anayeuza kitanda ili atoe sadaka ni ukatili mtupu. Kicheko juu ya kamati inayojadili kitanda hicho kiandikwe fungu gani ni kazi yako.

Kisha pitia rasimu yote na ufute kila sentensi inayokuonyesha wewe una akili. Zitakuwa nyingi, na baadhi ni zile unazozipenda.

Kuhusu sheria, usibahatishe. Uingereza na Wales walifuta kosa la kukufuru mwaka 2008, lakini nchi nyingi bado zina vifungu vya adhabu kwa maneno au maandishi yanayokusudia kuumiza hisia za kidini. Soma sehemu ya makosa ya dini katika kanuni ya adhabu ya nchi unakochapisha, na ya nchi unakoishi kama ni tofauti, kabla hujasaini mkataba. Mwulize mchapishaji kwa maandishi ni nani atakayelipa wakili.

Na hatari si ya mwandishi peke yake. Baada ya The Satanic Verses, riwaya ya Salman Rushdie iliyougusa Uislamu, kutoka mwaka 1988 na Ayatollah Khomeini wa Iran kutoa fatwa ya kutaka mwandishi auawe tarehe 14 Februari 1989, mfasiri wa Kijapani, Hitoshi Igarashi, aliuawa Julai 1991. Rushdie mwenyewe alichomwa kisu jukwaani katika jimbo la New York tarehe 12 Agosti 2022, akapoteza jicho moja. José Saramago alikumbana na kitu chepesi zaidi: mwaka 1992 serikali ya Ureno iliizuia riwaya yake kuhusu maisha ya Yesu isishindanie tuzo ya fasihi ya Ulaya, akahamia kisiwa cha Lanzarote, na mwaka 1998 akapata Nobel. Mfasiri, mhariri na muuza vitabu wanabeba hatari ambayo hawakuiandika wao. Waambie mapema kilichomo, waache wachague, na anayetaka jina lake lisitokee kitabuni lisitokee.

Barua kwa mchapishaji iwe fupi: dai katika sentensi moja, kilichotokea Jumanne asubuhi katika sentensi ya pili, na kurasa kumi za mwanzo. Usiandike kwamba kitabu kinachekesha.